Mkono Unapopotea Ndani ya Miwani

Walionunua miwani ya uhalisia pepe ya Oculus Rift mwaka 2016 walisubiri mikono yao kwa zaidi ya miezi minane. Miwani yenyewe ilitoka Machi 28 kwa dola 599, ikiwa na kihisi kimoja cha kusimamisha mezani pamoja na kidhibiti cha Xbox, kile kile ambacho mchezaji hukishika akiwa mbele ya televisheni. Vidhibiti vya Touch, kimoja cha kulia na kimoja cha kushoto, ndivyo vilivyomwezesha mtu kuiona mikono yake ndani ya ulimwengu ule, akaokota kitu, akarusha, akapiga. Vilitoka Desemba 6 kwa dola 199. Watu waliviagiza mapema, wakahamisha viti na meza ili kupata nafasi. Kisha baadhi yao wakavaa miwani, wakainua mkono wa kulia, wakauona ukiachana na mwili na kuelea kuelekea darini.

Si wote waliopatwa na hayo, na hapo ndipo ubishi ulipozaliwa. Yule ambaye kila kitu kilimwendea sawa aliona malalamiko ni ya watu wasiojua kupanga vifaa. Yule aliyepoteza mkono kila baada ya dakika chache aliona ameuziwa kitu kibichi. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na majira yote yale ya baridi ya Marekani na Ulaya wanunuzi wa mwanzo walishikana mashati juu ya swali moja: kosa ni la miwani au la chumba?

Swali hilo limerudi tena na tena tangu wakati huo, karibu kila kifaa kipya cha aina hii kinapoingia sokoni. Linastahili kufuatwa kwa makini, kwa sababu sehemu kubwa ya majibu yake imetoka kwa wanunuzi wenyewe, waliokaa usiku na futi ya kupimia, tochi na waya za ziada, wakitafuta kwa nini kitu walicholipia hakifanyi kazi nyumbani kwao. Kazi hiyo haijathaminiwa inavyostahili.

Ufuatiliaji, yaani kujua kila wakati kichwa na mikono ya mvaaji iko wapi na imeelekea wapi, ni tatizo la zamani kuliko kampuni zote zinazohangaika nalo leo. Mwaka 1968 mtafiti wa Marekani Ivan Sutherland alipoonyesha kifaa chake cha kuvaa kichwani kilichochorewa picha na kompyuta, alikiunganisha na mkono wa chuma ulioshuka kutoka darini. Viungo vya mkono ule ndivyo vilivyoiarifu kompyuta kichwa kimegeukia wapi. Mbinu hiyo ilifaa maabara. Hakuna familia ambayo ingekubali kufungwa kwenye dari ya sebule yake.

Nafasi ya mkono wa chuma ilikuja kuchukuliwa na vipimio vidogo kama vile vilivyomo kwenye simu: kimoja hupima mzunguko, kingine hupima mchapuko. Wepesi wake ni wa kustaajabisha. Toleo la kwanza la Rift, lililotengenezwa kwa ajili ya waandika programu na kuanza kutumwa Machi 2013, baada ya kampeni ya Kickstarter iliyochangiwa na watu zaidi ya 9,500, lilisoma vipimio vyake mara 1,000 kila sekunde. Lakini lilijua tu kichwa kimegeukia wapi. Halikujua kama kimesogea. Mvaaji alipoinama kukitazama kitu kwa karibu, kitu kilirudi nyuma kwa kipimo kile kile, na tumbo likaanza kuchafuka.

Sababu yake ni ya hesabu. Ili kupata mahali kutokana na mchapuko, kompyuta hulazimika kujumlisha mara mbili: kwanza ipate kasi, kisha ipate umbali. Kila kosa dogo la kipimio hujumlishwa pamoja na ukweli, nalo hukua kwa kipeo cha pili cha muda. Chukua kipimio kinachokosea kwa sentimita moja tu kwa sekunde kila sekunde. Baada ya sekunde moja mkono utaonekana milimita tano kando ya mahali ulipo. Baada ya sekunde kumi utaonekana nusu mita kando. Huo mkono unaoelea kuelekea darini ndio hesabu hii yenyewe, ikiwa imeachwa iendelee bila wa kuisahihisha.

Kwa hiyo panahitajika jicho. Kitu fulani lazima kiutazame mwili kutoka nje, au kitazame chumba kutoka mwilini, na mara nyingi kila sekunde kikiambie kipimio: umepotea kidogo, rudi hapa. Na lazima kifanye hivyo kwa usahihi mkubwa. Januari 2014 Michael Abrash, wakati huo akiwa katika kampuni ya Valve, aliwaambia waandika programu kwamba usahihi unaotakiwa ni wa kiwango cha milimita, na kwamba picha inapaswa kumfikia mvaaji ndani ya milisekunde 20 hivi tangu kichwa kinaposogea. Sikio la ndani ndilo linalolinda mizani ya mwili, na halisamehe. Macho yakisema umesogea na sikio likisema umesimama, mwili hukasirika, na kichefuchefu hufuata.

Oculus ilichagua kamera. Ndani ya miwani ya Rift na vidhibiti vyake zilifichwa taa ndogo za miale ya infraredi, ambazo jicho la binadamu haliwezi kuziona, kila moja ikimemeta kwa mpangilio wake. Kihisi cha mezani kilikuwa kamera iliyozisoma taa hizo na kutambua umbo lake, kama baharia anavyotambua kundi la nyota na kujua alipo. Kwa mtu aliyeketi akitazama mbele mfumo huo ulifanya kazi vizuri. Vidhibiti vya Touch vililetwa na kihisi cha pili, na hapo mtu aliweza kusimama. Lakini alipogeuka nyuma, mwili wake mwenyewe uliziba taa za mikono, na kamera zote mbili zikawa zinautazama mgongo. Jibu la kampuni lilikuwa kihisi cha tatu, kilichouzwa peke yake kwa dola 79, cha kuwekwa kona ya nyuma ili mtu aweze kuzunguka chumba kizima. Mpangilio huo wenyewe kampuni iliuita wa majaribio.

Wengi hawakulizingatia neno hilo. Walinunua kihisi cha tatu, wakakiunganisha, na mambo yakaharibika zaidi kuliko yalivyokuwa na vihisi viwili.

Kiini cha tatizo kilikuwa mahali ambapo hakuna aliyefikiria kutazama: kwenye matundu ya USB nyuma ya kompyuta. Kamera zile zilituma picha kwa kompyuta mfululizo, na kompyuta ndiyo iliyozichambua. Kompyuta yaweza kuwa na matundu sita au manane, lakini ndani yake matundu hayo hugawana njia moja au mbili tu. Kamera tatu zikimwaga picha kwenye njia moja, nyingine zinachelewa au kupotea, na picha ikichelewa jicho linakuwa limefumba. Mnunuzi aliyeona tundu liko wazi hakuwa na namna ya kujua kwamba njia iliyo nyuma yake imejaa. Mbaya zaidi, mifumo mingine ya kompyuta huzima matundu ili kuokoa umeme, na kamera inazimwa katikati ya mchezo bila taarifa.

Basi watu wakaanza kupima. Mmoja alihamisha kihisi kutoka tundu la USB 3.0 kwenda la USB 2.0, akakuta hali inatulia. Mwingine alinunua kadi ya kuongeza matundu ndani ya kompyuta, akakuta hali inatulia zaidi. Wa tatu alifanya vyote viwili bila kuambulia kitu, mpaka alipobadilisha waya mrefu wa kuunganishia. Walibishana juu ya kimo cha vihisi ukutani, juu ya pembe ya mwinamo, juu ya umbali kati ya kimoja na kingine. Waliandikiana orodha za kadi zinazofaa na zisizofaa. Mwanzoni mwa 2017 Oculus yenyewe ilitoa mfululizo wa maelezo kuhusu ukubwa wa chumba, mahali pa kuweka vihisi, namna ya kugawa mzigo kwenye matundu, hata kadi ya kununua, ya kampuni ya Inateck. Ushauri wa kihisi cha tatu kutumia USB 2.0 nao ulikuwamo. Mengi ya hayo yalikuwa tayari yamegunduliwa sebuleni.

Kisha likaja toleo jipya la programu, namba 1.11, lililokusudiwa kuboresha ufuatiliaji wa vihisi vingi. Kwa baadhi ya watu liliboresha. Kwa wengine liliharibu kile kilichokuwa kikifanya kazi: mchezaji alijikuta ghafla amekuwa mrefu, au amezama sakafuni, au mikono inatetemeka. Toleo la 1.12 lilifuata na kurekebisha sehemu ya madhara hayo. Machi 1 bei zilishushwa, kihisi kikawa dola 59, Touch dola 99. Aliyenunua siku hiyo alipata kifaa kilichotulia zaidi kwa bei ndogo zaidi. Waliotangulia walikuwa wamelipa zaidi ili wapate matatizo ambayo kutatuliwa kwake kulimfaidi huyu mpya.

Hapo ndipo hoja ya kwamba chumba ndicho chenye kosa inapopoteza nguvu. Ni kweli, chumba kilichangia. Ni kweli, aliyefuata maelezo yote kwa utaratibu alikuwa na nafasi nzuri ya kufanikiwa. Lakini kifaa kinachouzwa kiingie nyumbani mwa watu kinapaswa kuzijua nyumba za watu, na kompyuta iliyothibitishwa na kampuni kuwa inafaa haiwezi tena kugeuka kuwa kisingizio. Mnunuzi aliyelipa karibu dola 900 kwa miwani, vidhibiti na kihisi cha ziada hakununua kazi ya ufundi wa matundu.

Upande wa pili wa soko walikuwapo wenye miwani ya HTC Vive, iliyotoka Aprili 2016 kwa dola 799, nao waliutazama ugomvi wa majirani zao kwa fahari kidogo. Mfumo wao, uliobuniwa Valve na mhandisi Alan Yates na wenzake, uligeuza mambo: visanduku viwili vilivyofungwa juu kwenye kona mbili zinazotazamana vilifagia chumba kwa miale ya leza mara 60 kwa sekunde, na vihisi vya mwanga kwenye miwani yenyewe, 32 kwa jumla, vilipima tofauti ya muda kati ya mmweko wa kuanzia na leza inapovipita. Kutoka kwenye muda huo unapata pembe, na kutoka kwenye pembe unapata mahali. Visanduku havikutuma picha yoyote kwa kompyuta. Vilihitaji umeme tu, na tatizo la matundu likatoweka.

Yakabaki mengine. Leza ikigonga kioo cha kabati hurudi, na kihisi hupokea mfagio wa pili kutoka mahali ambapo hapana kisanduku. Kioo cha kujitazamia, dirisha wakati wa usiku, uso wa televisheni, fremu ya picha ukutani, vyote vilifunikwa mashuka na watu wazima waliokuwa na kazi za kufanya kesho yake. Kisanduku kilichofungwa kwenye ukuta mwepesi kilitikisika mlango ulipofungwa kwa nguvu, na ulimwengu mzima ukatikisika nacho. Tofauti ni kwamba mwenye Vive aliweza kuliona tatizo lake kwa macho. Kioo kinaonekana. Njia ya USB iliyojaa haionekani, na ndiyo maana ugomvi wa upande wa Rift ulikuwa mkali zaidi.

Hata mfumo wa leza ulikuja kukutana na jambo ambalo wahandisi wake hawakulitarajia. Mei 2018 kampuni ndogo ya Jamhuri ya Cheki, Beat Games, ilitoa Beat Saber, mchezo wa kukata vipande vya rangi kwa panga mbili za mwanga kufuata mdundo wa muziki. Baada ya muda walitokea wachezaji ambao kasi ya mikono yao ilipita kiwango kilichowekwa na programu. Ili kuzuia makosa, mfumo ulikuwa na kikomo: mwendo unaozidi hapo huhesabiwa kuwa hitilafu, si mkono wa mtu, na hutupwa. Wachezaji hodari wakaona panga zao zikigoma katikati ya wimbo. Walilalamika, na Valve haikuwajibu kwamba wanacheza vibaya. Ilichukua takwimu za mwendo za mabingwa hao, ikapandisha kikomo, na katika maelezo ya toleo la majaribio la Februari 2019 ikaandika wazi kwamba imeongeza mipaka ya kile ilichodhani mwanadamu anaweza kukifanya. Hivyo ndivyo malalamiko yanavyostahili kupokelewa. Mwili wa mchezaji uliaminiwa, na programu ndiyo iliyobadilishwa.

Kufikia wakati huo watengenezaji walikuwa wameshaamua kuachana na vitu vya kufunga ukutani. Kamera zikahamia kwenye miwani. Badala ya chumba kumtazama mtu, miwani inakitazama chumba: inatafuta kona za meza, fremu za milango, michoro ya zulia, na kutokana nazo inajua imesogea kiasi gani. Microsoft na washirika wake walifanya hivyo Oktoba 2017 kwa kamera mbili tu, na vidhibiti vilipotoka mbele ya macho hayo mawili, kwa mfano mkono ulipoteremka kando ya paja, vilibaki kukisiwa. Mei 21, 2019 Oculus ilitoa vifaa viwili kwa siku moja, kila kimoja kwa dola 399: Quest yenye kamera nne, isiyohitaji kompyuta, na Rift S yenye kamera tano.

Urahisi ulikuwa mkubwa. Mtu alitoa kifaa ndani ya boksi na dakika chache baadaye alikuwa anacheza. Lakini wanunuzi wa mwanzo, wengi wao wale wale wa 2016, waliyajua maswali ya kuuliza. Walivuta upinde: mkono unaoshika kamba hufika karibu na sikio, mahali ambapo kamera haziuoni vizuri. Waliweka bunduki begani: kidhibiti kimoja kinaziba kingine. Walipeleka mkono mgongoni kuchomoa mshale. Kwa kila tendo walieleza ni wapi hasa mkono ulipopotea na kwa muda gani, na masasisho ya miezi iliyofuata yalilenga sehemu hizo hizo. Malalamiko yaliyoeleza tukio hatua kwa hatua yalizaa matunda. Yale ya hasira tupu, hata yalipokuwa na haki, hayakumpa mhandisi pa kuanzia.

Desemba ya mwaka huo ilileta somo jingine. Vidhibiti vya Quest na Rift S vilikuwa na pete iliyojaa taa za infraredi, na kamera zilizitambua kama vinukta vya mwanga gizani. Taa ndogo za mti wa Krismasi nazo ni vinukta vya mwanga. Kifaa ambacho wengi walikipata kama zawadi ya sikukuu kikawekwa chumba kimoja na mti uliopambwa, na mikono ikaanza kuruka kuelekea kwenye matawi. Kampuni ikalazimika kuwaeleza wateja wazime taa hizo wanapocheza. Wenye miwani ya PlayStation VR, iliyotoka Oktoba 2016 na kufuatiliwa kwa taa za kawaida zinazoonekana, walikuwa wameshayapitia hayo.

Umeme wenyewe pia una la kusema. Taa zetu za nyumbani humemeta kwa kufuata umeme unaoziwasha, haraka kiasi kwamba jicho halioni. Marekani umeme hupiga mizunguko 60 kwa sekunde, na taa humemeta mara 120. Ulaya, na vilevile Tanzania na Kenya, ni mizunguko 50, na taa humemeta mara 100. Kamera inayopiga picha kwa mwendo usiolingana na umeme wa mahali huona chumba kikififia na kung'aa, na alama inazozitegemea huyumba. Ndiyo sababu katika mipangilio ya Quest limewekwa chaguo la mara 50 au 60. Mtu wa Mwanza au Mombasa aliyeletewa kifaa na ndugu kutoka Marekani, akaona picha inatetemeka usiku taa zikiwaka na kutulia mchana, aanzie hapo kabla ya kudhani kifaa ni kibovu.

Na atahadhari na jua. Nyumba za mwambao hujengwa zipokee hewa na mwanga, madirisha ni makubwa na baraza ni wazi. Jua la moja kwa moja limejaa infraredi inayozifunika taa za vidhibiti, na hiyo ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni kwamba lenzi za miwani hukusanya mwanga. Miwani ikilazwa mezani lenzi zikitazama dirishani, jua huingia kwa njia ya nyuma na kukichoma kioo cha picha kwa muda mfupi sana. Doa hilo halifutiki, na halina sasisho la programu.

Tatizo jipya zaidi limezaliwa angani. Ndani ya ndege kamera zinaona viti vimetulia, lakini kipimio cha mchapuko kinahisi ndege ikipinda na kushuka. Mashahidi wawili wanatoa ushahidi unaopingana, na picha inateleza mbali na mvaaji. Apple ilipotoa Vision Pro Februari 2, 2024 kwa dola 3,499, iliiwekea hali maalumu ya safari, na Meta, mmiliki wa Oculus, ikaongeza ya kwake kwenye Quest 2 na Quest 3 Mei mwaka huo. Hali hiyo huiambia miwani iamini macho zaidi na isisikilize sana kipimio. Hapa kampuni zilifika mapema, na inafaa kusemwa hivyo.

Lakini kisa ambacho kingepaswa kukumbukwa na kila anayepanga kuuza kifaa cha namna hii ni cha HTC Vive Cosmos. Ilitoka Oktoba 3, 2019 kwa dola 699, ikiwa na kamera sita, moja zaidi ya Rift S, na dola 300 juu yake. Vidhibiti vyake vilitumia mwanga unaoonekana badala ya infraredi. Uamuzi huo ulimaanisha kwamba kamera zilihitaji chumba chenye mwanga wa kutosha, na kiwango cha kutosha kilikuwa kigumu kukijua. Watu waliokuwa wameketi kwenye vyumba wanavyosomea vitabu bila shida waliambiwa na kifaa kwamba chumba kina giza. Wakaguzi wa magazeti ya teknolojia waliandika kwamba ufuatiliaji ulikuwa nyuma ya washindani wa bei nafuu. HTC ilitoa masasisho kadhaa katika wiki za mwanzo, na hali ikawa nafuu kwa baadhi ya watu.

Ule ubishi wa 2016 ukarudi kama ulivyokuwa. Wapo waliosema wawashe taa zaidi, wabandike picha kwenye kuta nyeupe ili kamera zipate alama za kushika, wasikae karibu na dirisha. Ushauri huo ulikuwa wa msaada, na waliotoa walikuwa na nia njema. Wapo waliosema kwamba kifaa cha bei ile hakipaswi kumtaka mtu apake rangi upya ukuta wake. Hawa wa pili ndio waliokuwa na haki. Mtengenezaji angeweza kuandika kwenye boksi, kabla ya fedha kubadilishana mikono, ni mwanga kiasi gani unaotakiwa na ni vyumba vya namna gani vilivyojaribiwa. Kifaa kingeweza kueleza kwa lugha nyepesi kimepoteza nini, kamera gani, kwa sababu gani, badala ya kumwachia mnunuzi kazi ya kukisia. Na muda wa kurudisha bidhaa ungeweza kurefushwa kwa wale wanaonunua kabla ya wote, kwa kuwa wao ndio wanaolipia ukaguzi ambao maabara haikuufanya.

Februari 2020, miezi minne na kitu baada ya uzinduzi, HTC ilitangaza Cosmos Elite. Ilikuwa miwani ile ile, ikiwa na uso mpya wa mbele unaopokea leza za visanduku vya ukutani, ule mfumo wa mwaka 2016. Kwa dola 899 mnunuzi mpya alipata miwani, visanduku viwili na vidhibiti viwili. Aliyekuwa tayari na Cosmos aliweza kununua uso huo peke yake kwa dola 199. Ukijumlisha na dola 699 alizolipa Oktoba, alikuwa ametumia dola 898, na kama hakuwa na Vive ya zamani nyumbani, visanduku na vidhibiti alibaki navyo kuvinunua.